Mwanafunzi wa Kigoma Hana Mlango wa Kugonga

Kila muhula unapoanza, malalamiko yaleyale yanasikika kwenye vyumba vya walimu wa vyuo: wanafunzi wanaosoma kwa mtandao wameacha adabu. Wanaingia kipindini kamera imezimwa. Wakiitwa majina hawaitiki. Wanamwandikia mhadhiri saa tano za usiku bila hata salamu, na akitamka jambo wanalitafutia kasoro kwenye simu kabla hajamaliza sentensi. Kadiri vyuo vinavyohamishia sehemu ya masomo mtandaoni, na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ikiwa imeshatoa mwongozo wa ufundishaji wa mtandaoni na wa mseto, watu wengi wamefikia hitimisho moja: mamlaka ya mwalimu yanakufa, na anayeyaua ni mwanafunzi mwenye simu janja. Tiba inayopendekezwa nayo ni moja, yaani kukaza uzi. Kamera ziwashwe kwa lazima, mahudhurio yahesabiwe kwa dakika, na atakayechelewa kukusanya kazi apewe sifuri.

Kwa maoni yangu hali hii tumeisoma kinyume. Wanafunzi wa vyuo ninaowasikiliza Tabora na Kigoma hawasemi kwamba mwalimu ana mamlaka makubwa mno. Wanasema hawamwoni akiyatumia kuwafundisha. Wanamhitaji zaidi ya tunavyodhani, na wanapomkosa ndipo wanapoanza kumpuuza. Tena, huku sisi tukiomboleza mamlaka yaliyopotea, nguvu ya mwalimu juu ya mwanafunzi aliye mbali imekua bila kelele. Alama bado ziko mikononi mwake, lakini mwanafunzi hana tena mlango wa kugonga, hana korido ya kumsubiri, hana mwenzake wa kumshuhudia. Hilo ndilo la kuhofia, na kamera iliyozimwa haina uhusiano nalo.

Jambo hili lina uzito wake ukilitazama ukiwa Tabora, mji uliolelewa na shule. Julius Nyerere alisoma hapa katika Shule ya Serikali kati ya 1937 na 1942, na alipotoka Makerere akarudi kufundisha St. Mary's hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Jina la Mwalimu ambalo taifa zima lilimwita baadaye lina mizizi katika kazi hiyo ya ubao na chaki. Mtu huyohuyo, alipoandika sera ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule zetu zijenge akili ya udadisi na watu wanaojiamini. Kwa hiyo kijana anayemuuliza mhadhiri amelitoa wapi jambo fulani hajaleta ugeni wowote. Tumemwambia adadisi kwa zaidi ya nusu karne, na sasa ameanza kudadisi mahali ambapo hatukujiandaa kumjibu.

Ni vema pia kumjua mwanafunzi tunayemzungumzia. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kupokea wanafunzi mwaka 1994, na tangu hapo kimekuwa na vituo mikoani, Tabora na Kigoma ikiwamo. Wanafunzi wake wengi ni watu wazima walio kazini, na katika mikoa hii miwili utakuta miongoni mwao walimu wa shule za msingi na sekondari wanaotafuta shahada. Mchana mama huyu wa Kasulu anaitwa mwalimu, darasa linasimama akiingia, anasahihisha madaftari hadi jioni. Usiku yeye ndiye mwanafunzi. Hatuwezi kumwambia mtu wa namna hiyo kwamba haelewi mamlaka ya mwalimu ni nini. Anayaelewa kwa pande zote mbili, na akisema mhadhiri fulani amempotezea imani, neno lake lina uzito wa mtu wa fani.

Historia ya kufundisha watu kwa mbali nchini nayo inatukumbusha jambo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilifundisha kwa redio, na watu wapatao milioni mbili walijifunza kwenye vikundi vijijini. Hakuna aliyemwona mwalimu wa redioni uso kwa uso, lakini hakuna aliyelia kwamba hana mamlaka. Vyoo vilichimbwa, mazalia ya mbu yakafukiwa. Kilichofanya sauti ile ya mbali isikilizwe ni kwamba kila kikundi kilikuwa na kiongozi wake aliyepata mafunzo, aliyekaa na watu baada ya kipindi, akajibu maswali yao na kuwauliza wamefikia wapi. Mamlaka ya mbali yalisimama juu ya mtu wa karibu. Ilipofika Machi 2020 na vyuo vikafungwa kwa sababu ya korona hadi vilipofunguliwa tarehe 1 Juni mwaka huo, vyuo vyetu vingi vilisubiri tu kufunguliwa, tofauti na nchi nyingine zilizohamia mtandaoni kwa dharura. Masomo ya mtandaoni yamekuja kwetu baadaye, taratibu, kwa mlango wa nyuma: kwanza kundi la WhatsApp la darasa, kisha mfumo wa chuo wa kupakulia madesa, kisha vipindi vya Zoom. Hatukuwahi kukaa chini tukaulizana mwalimu atakuwa nani ndani ya mpangilio huo, wala nani atakuwa yule mtu wa karibu.

Sasa tuitazame hiyo adabu inayodaiwa kupotea. Huku kwetu heshima ina mwili. Mwalimu akiingia, darasa linasimama. Kijana wa Kinyamwezi akimwamkia mzee kwa desturi hupinda goti na kupiga makofi taratibu, na salamu ya Muha nayo ina mikono na ina muda wake, huwezi kuikatisha njiani. Mwanafunzi anayeingia ofisi ya mhadhiri hushusha sauti, hubaki amesimama hadi aambiwe kaa. Darasa la mtandaoni limeufuta mwili wote huo. Limebakiza jina kwenye kisanduku cheusi na mistari ya maandishi. Mhadhiri aliyezoea kuisoma heshima machoni na magotini anatazama kioo, haoni chochote, anahitimisha kwamba haipo. Lakini ukienda upande wa pili wa kioo hichohicho unamkuta kijana wa Ujiji amezima kamera kwa sababu nyuma yake kuna kitanda na wadogo zake wamelala, na kwake ni aibu kumwingiza dokta chumbani. Amezima pia kwa sababu picha inakula bando kuliko sauti mara nyingi, na bando hilo limenunuliwa kwa hela ya kula. Kitendo kilekile ambacho mmoja anakiona dharau, mwingine amekifanya kwa staha.

Na salamu hazijapotea kama inavyosemwa. Fungua kundi lolote la WhatsApp la kozi uone: mhadhiri akiandika neno moja, shikamoo zinashuka thelathini. Zinazoudhi ni zile za faragha, zinazofika usiku, na nyingi kati yake zinafika usiku kwa sababu ndio wakati ambao mtu ametoka kazini na kifurushi cha usiku kimeanza. Simtetei mwanafunzi anayeandika kwa amri kama anayeagiza chipsi. Wapo, na wanapaswa kuonywa. Ninachokataa ni kuwafanya hao ndio kipimo cha wote.

Wanasaikolojia wawili wa Marekani, John French na Bertram Raven, waliandika mwaka 1959 kwamba nguvu ya mtu mmoja juu ya mwingine ina misingi mitano: uwezo wa kutoa tuzo, uwezo wa kuadhibu, cheo, mvuto wa mtu mwenyewe na ujuzi wake. Katika ukumbi wa mihadhara yote mitano huvaliwa na mtu mmoja kwa wakati mmoja, hata haijulikani kipi kinamfanya mwanafunzi anyamaze. Anasikiliza kwa sababu anajifunza, au kwa sababu anaogopa kudisko, yaani kuondolewa chuoni kwa kufeli? Mtandao umezitenganisha nguvu hizo. Cheo kimebaki kwenye orodha ya majina, adhabu imebaki kwenye mfumo wa matokeo, na mvuto wa mtu umefifia kwa sababu kicheko na mwendo wa mwalimu havifiki. Ujuzi ndio unaopita kwenye waya bila kupungua, lakini unapita kwa sharti moja, kwamba mwenye nao autume. Asipoutuma, mwanafunzi anabaki anaviona cheo na adhabu peke yake, na vitu hivyo viwili havijawahi kumfanya mtu yeyote apende kufundishwa.

Niliwahi kuliona hili kwa macho kwenye duka moja la kuchapa na kudurufu karibu na soko kuu la Tabora. Wanafunzi kadhaa walikuwa wameizunguka simu moja iliyolazwa juu ya mashine ya fotokopi. Mhadhiri wao wa takwimu alikuwa amewatumia ujumbe wa sauti baada ya kusahihisha kazi zao, na jogoo alisikika akiwika nyuma yake. Alikuwa anawaeleza kwamba kwenye swali la tatu wamegawanya kwa idadi ya watu wote waliohojiwa, ilhali wengine hawakulijibu swali hilo, kwa hiyo asilimia zote zimeshuka. Walipofika hapo walirudisha nyuma wakasikiliza tena, binti mmoja akiandika kwenye kauntabuku, mwingine akipigia mstari karatasi yake. Hakuna aliyekuwa anawahesabia mahudhurio. Baadaye wakanisimulia habari ya kozi nyingine, ya mtu mwenye cheo kikubwa zaidi, ambaye muhula ule hakuwa amerudisha kazi hata moja ila alikuwa ametuma maonyo ya kutosha kuhusu nidhamu. Yule wa takwimu walimtaja kama mwalimu wetu. Huyu wa pili walimtaja kwa msimbo wa kozi.

Wataalamu wa elimu ya mtandaoni wana jina la alichofanya yule wa takwimu. Mwaka 2000 Randy Garrison, Terry Anderson na Walter Archer wa Kanada walieleza kwamba darasa la mbali linahitaji uwepo wa aina tatu: uwepo wa kijamii, uwepo wa kifikra, na uwepo wa kiualimu, yaani mtu anayepanga kozi, anayeongoza mjadala na anayesema wazi hapa mmekosea. Uwepo huo wa tatu hauna uhusiano na kuonekana sura. Mtu anaweza kuwapo kwa sauti, kwa maandishi pembeni mwa kazi, kwa jibu la mistari miwili. Anaweza pia kuonekana kwenye video saa nzima akisoma slaidi neno kwa neno, na asiwepo kabisa. Kabla yao, Michael Moore, mtaalamu wa elimu ya masafa, alikuwa ameshaandika kwamba umbali kati ya mwalimu na mwanafunzi hauhesabiwi kwa kilomita. Unapungua pale panapokuwa na mazungumzo na unakua pale yanapokosekana. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na kutoka huko hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200. Bado nawajua wanafunzi wa Kigoma wanaohisi kwamba mhadhiri wao wa Dar yuko jirani, na wa hukuhuku Tabora wanaohisi mhadhiri wa kampasi yao yuko mwezini.

Upande wa walimu una hoja nzito, na sitaki kuzipita juu kwa juu. Ya kwanza ni mzigo. Mtu mwenye darasa la mamia akiombwa kumjibu kila mmoja anaombwa kisichowezekana, hasa pale ambapo mkataba wake haujaandika popote kwamba saa anazotumia kwenye simu ni saa za kazi. Ya pili ni udanganyifu. Anayejibu mazoezi mtandaoni anaweza kuwa kaka, mpenzi, au mtu aliyelipwa, na mwalimu anayesaini alama asiyojua ni ya nani anahisi amefanywa mhuri. Ya tatu ni kwamba wapo wanafunzi wanaotumia umbali kama kichaka. Hawasomi, hawaingii, na siku ya matokeo wanasingizia mtandao. Hoja hizi tatu ni za kweli, na yeyote anayetaka masomo haya yafanikiwe lazima azitafutie majibu. Lakini ukiziangalia vizuri, hakuna hata moja inayosema kwamba wanafunzi wamekataa mamlaka ya mwalimu. Ya kwanza inamhusu mwajiri. Ya pili inahusu namna tunavyopima. Ya tatu inahusu uvivu, ambao ulikuwapo kabla ya umeme.

Iliyo dhaifu kuliko zote ni ile inayosikika zaidi, kwamba tuwashurutishe kuwasha kamera na kukaa mtandaoni kwa dakika zote, heshima itarudi. Itarudi vipi? Anayelazimishwa kuwasha kamera akiwa Kibondo atafanya moja kati ya mawili: ataunguza bando la wiki nzima kwa kipindi kimoja, au atatoka kipindini na kuomba madesa baadaye. Kati ya wanafunzi wawili, mwenye kompyuta na intaneti ya nyumbani mjini ataonekana mwenye adabu, na mwenye simu ya mkononi kijijini ataonekana mtovu, ingawa wote walisikiliza. Hapo tutakuwa tumepima mfuko wa mzazi tukauita nidhamu. Mkoa wa Kigoma kwa miaka mingi uliendeshwa kwa majenereta ya dizeli, na watu wake wanajua kukatikiwa ni nini. Kanuni iliyotungwa na mtu ambaye umeme wake haukatiki itawaangukia wao kwanza.

Ipo hoja nyingine mpya, nayo inastahili kujibiwa kwa makini zaidi. Inasema kwamba tangu ChatGPT ilipofunguliwa kwa umma mwishoni mwa Novemba 2022, mwanafunzi ana mwalimu mfukoni asiyechoka, na kwa hiyo hata ule ujuzi niliosema unapita kwenye waya si mali ya mhadhiri tena. Kuna ukweli ndani yake. Mhadhiri ambaye kazi yake ilikuwa kusoma madesa aliyoyaandika zamani, mashine imemshinda, na wanafunzi wamelijua hilo mapema kuliko yeye. Lakini mkufunzi mmoja wa historia alinionyesha insha aliyoletewa kuhusu watawala wa eneo hili katika karne ya 19. Kiswahili kimenyooka, aya zimepangika, na Mirambo ameelezwa kwamba alijilipua ngomeni akikataa kukamatwa na Wajerumani. Aliyefanya hivyo ni Isike wa Unyanyembe, mwaka 1893, hapahapa Tabora, na Mirambo wa Urambo alikuwa amekwisha kufa tangu 1884. Mkufunzi aliandika pembeni mstari mmoja wa kusahihisha, akamwelekeza mwanafunzi aangalie tofauti kati ya dola mbili zilizokuwa zikipigana zenyewe kwa zenyewe. Mwanafunzi yule alikulia mjini hapa. Mashine ilimpa jibu lenye kujiamini kabisa, na isingewajibika popote kwa kosa lake. Kadiri majibu yanavyokuwa mengi na rahisi, ndivyo anavyohitajika zaidi mtu anayejua lipi ni la kweli na aliye tayari kuweka jina lake chini yake. Ninachokiona ni wanafunzi wakiwapima wahadhiri kwa kipimo hichohicho, na wanaofaulu wanaheshimiwa kuliko zamani.

Kwa upande mwingine kabisa wapo wanaosema mamlaka yenyewe ni jambo la kizamani: mtandaoni wote ni sawa, mwalimu ni mwezeshaji tu, mwanafunzi ajiongoze. Lugha hii inapendeza kwenye warsha. Wanafunzi hawaiamini, na wana sababu nzuri. Mwezeshaji huyo ndiye atakayeandika alama, ndiye anayeweza kumpa mtu sapu, yaani mtihani wa marudio, au kumnusuru. Anayeshika kalamu nyekundu kisha akajiita mwenzenu hajaiacha nguvu yake. Ameificha tu, na nguvu iliyofichwa haina wa kuihoji.

Hapa ndipo ninapoiona hatari yenyewe. Mamlaka ya mwalimu wa ukumbini yalikuwa na mashahidi. Akimwonea mtu, darasa zima limeona. Akikataa kupokea kazi, kiongozi wa darasa anakwenda kwa mkuu wa idara na wenzake watano nyuma. Mtandaoni mambo mengi yamehamia kwenye ujumbe wa faragha kati ya namba mbili za simu. Rushwa ya ngono vyuoni si uvumi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inaikataza katika kifungu cha 25, na TAKUKURU imewahi kuichunguza katika vyuo vikuu viwili vikubwa, cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Binti aliye Kigoma anayeombwa na mwenye alama zake waongee pembeni, nje ya kundi, hana rafiki wa kumsindikiza ofisini wala dirisha la kupitia sauti yake. Kweli, ujumbe unaacha ushahidi kwenye simu, na hiyo ni nafuu ambayo ofisi yenye mlango uliofungwa haikuwa nayo. Lakini ushahidi bila mahali salama pa kuupeleka unabaki kwenye simu. Mabinti wanayajua haya, na ukiwauliza wanaionaje mamlaka ya mwalimu mtandaoni, hili hulitaja kabla ya kamera.

Sura nyingine ya nguvu isiyo na uso ni mfumo wenyewe. Mfumo wa chuo hufunga kupokea kazi saa 5:59 usiku. Umeme umekatika Uvinza saa mbili, umerudi saa sita na nusu, kazi imekataliwa. Mwanafunzi anamwandikia mhadhiri, mhadhiri anajibu kwamba mfumo ndio uliokataa. Ofisi ya mfumo inajibu kwamba mwenye uwezo wa kufungua ni mhadhiri. Mwanafunzi anabaki kati ya watu wawili ambao kila mmoja anamnyooshea kidole mwenzake. Kwenye mfumo kama Moodle kuongeza muda kwa mtu mmoja ni kazi ya kubofya mara chache, na mhadhiri mwenye kozi kwa kawaida anaweza kuifanya. Anaposema mfumo umekataa anakuwa ameikabidhi mashine hukumu ambayo mwanafunzi aliitarajia kwake: kusikiliza sababu, kupima kama ni ya kweli, kuamua. Hukumu ya namna hiyo ndiyo kiini cha mamlaka ya mwalimu. Anayeiacha hajanyang'anywa na mwanafunzi yeyote.

Haya yote yanatupeleka mbali kidogo na mjadala wa adabu. Nchi inawekeza fedha nyingi kwenye elimu ya juu. Mradi wa HEET wa kuboresha vyuo vikuu peke yake ni mkopo wa Benki ya Dunia wa dola za Marekani milioni 425, na kupitia mradi huo Kigoma imepangiwa ndaki ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili. Ni habari njema sana kwa mkoa uliokuwa ukisafirisha vijana wake hadi pwani kusoma. Lakini kampasi za mikoani zitabanwa na uhaba wa wahadhiri, na jibu rahisi litakuwa kuwaunganisha wanafunzi wa Kigoma na mhadhiri wa Dar es Salaam kwa skrini. Naunga mkono, kwa sababu ni bora kuliko kozi isiyo na mtu. Ila tukifanya hivyo kwa mawazo tuliyonayo sasa, tutanunua skrini kubwa na programu ya kuhesabu mahudhurio, na hatutamwajiri mtu wa kukaa na wanafunzi hao baada ya skrini kuzimwa.

Mtu huyo ndiye ninayemdai. Vituo vya mikoa vilivyopo Tabora na Kigoma tayari vina majengo na vina watumishi, lakini katika mambo mengi ya kitaaluma kazi yao imekuwa kupokea fomu na kusimamia mitihani. Wapewe wakufunzi wenye uwezo wa kusahihisha sehemu ya kazi, kuendesha semina ya ana kwa ana hata mara chache kwa muhula, na kupokea malalamiko yanayomhusu mhadhiri aliye mbali bila kwanza kumwomba mhadhiri huyohuyo ruhusa. Saa za kujibu wanafunzi mtandaoni ziandikwe kwenye mzigo wa kazi wa mhadhiri na zilipwe, kisha ndipo awajibishwe kwa kazi ambazo hazijarudi. Mawasiliano yote ya alama yafanyike ndani ya mfumo wa chuo, ambako idara inaweza kuyaona, na yasifanyike kwenye namba binafsi. Kila kozi inayofundishwa kwa mtandao iandike kwenye ukurasa wake wa kwanza ni siku ngapi mwanafunzi atasubiri kazi yake kabla ya kuwa na haki ya kuuliza, na amuulize nani. Jina hilo liwe la mtu aliyepo Tabora au Kigoma, mwenye ofisi inayojulikana, na mwenye idhini ya kuufungua tena mfumo usiku ule umeme ulipokatika Uvinza.